Gogo la Tisa

Saa tatu asubuhi, manyunyu ya mlima Rungwe yalishuka kama kawaida yake, na geti la bonde la Kisyelo lilikuwa bado limefungwa. Nani alijali? Ngoma ilikwishaanza. Malori thelathini yasiyo na dereva yalikuwa yamejipanga yenyewe kando ya barabara, kila moja limebeba nyumba ya mtu: magodoro, vinu, makabati, kuku waliochoka kufungwa miguu, na miche ya migomba iliyoviringishwa kwenye magunia mabichi. Akina mama wa kwaya walikwishaimba wimbo wa kuingia nyumbani mara tatu, na hawajaingia.

Ilikuwa imepita miaka tisa tangu mlima uanze kutoa hewa ukaa kupitia nyufa za bondeni. Hewa yenyewe haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito ilituama sehemu za chini, ikazima vibatari, kisha ikaanza kuua mbuzi. Watu walitolewa wote wakiwa hai, wakatawanyika Mbeya na Makambako, wakaishi nyumba za kupanga huku wakiota migomba yao.

Leo walikuwa wanarudi. Kilichobaki ni kiganja cha mtu mmoja juu ya kibao cha kioo cha kufungulia geti, na mtu huyo, Bupe, mtambuzi wa mawe wa kituo cha kupima hewa hiyo, alikuwa maabara akilitukana jiwe.

"Toa povu," aliliambia. "Toa povu basi, watu wananyeshewa!"

Jiwe likakaa kimya. Bupe alidondosha tone jingine la asidi juu yake, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kuungua. Tone lilituama pale pale, safi, tulivu, halina habari.

Lilikuwa gogo la mwamba, nene kiasi cha mkono wa mtu mzima, lililochorongwa jana kutoka mita mia saba chini ya bonde. Mwamba wenyewe ni basalti, lava nyeusi iliyoganda zamani ikiwa imejaa mapovu, na kila povu likaacha kitundu. Mwaka juzi vitundu hivyo vilikuwa vitupu. Kisha wataalamu wakaja na mtambo ambao kila mtu aliuita Jiko. Jiko lilifyonza ile hewa mbaya kabla haijatoka juu, likaiyeyusha kwenye maji mpaka yakawa ya kuchachatika, likayasukuma chini kwenye joto la mlima pamoja na hamira yake, vijidudu vilivyofundishwa kuharakisha mambo. Maji yale yalilamba madini ya basalti, hewa ikashikana na madini, vikawa jiwe. Kazi ambayo ardhi peke yake ingeifanya kwa maelfu ya miaka, Jiko liliikamilisha kwa siku arobaini, nao waliita hiyo pishi moja.

Na sasa vitundu vilijaa kitu cheupe. Swali lilikuwa moja tu: hicho cheupe ni nini?

Kama ni kalisaiti, jiwe la chokaa, hewa imo ndani yake, imefungwa, haitoki tena. Ukiidondoshea asidi, inafunguka kidogo na kutoa povu. Mtoto wa darasa la tano anajua. Lakini kuna jiwe jingine jeupe linalopenda vitundu hivyo hivyo, zeolaiti, ambalo halina hewa hata chembe. Kama ni hilo, basi Jiko limejaza vitundu bure na hewa bado inazurura huko chini, ikitafuta ufa wa kutokea, na watu watakuwa wamelala juu yake.

Ipyana, mhandisi mkuu, aliingia akikung'uta koti.

"Bupe, mashine imesema kaboni ipo."

"Ipo kama mgeni au kama mwenyeji?"

"Maana yake nini?"

"Gogo lililoloweshwa maji ya kuchachatika nalo lina kaboni. Likikauka, inakwenda zake. Mashine inaiona kaboni, haioni kama imefungwa."

Ipyana aliketi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. "Shangazi yangu yuko lori la nne," alisema. "Amekuja na mlango. Mlango, Bupe! Ameung'oa kwenye nyumba ya kupanga, sijui kwa ruhusa ya nani. Nikamwambie nini?"

Bupe alicheka huku machozi yanamlengalenga. Alichukua sarafu ya shaba akakwaruza cheupe kile. Kalisaiti ingechubuka. Hiki hakikupata hata alama. Sarafu ndiyo iliyoumia. Basi si kalisaiti. Akazidi kuogopa.

Angeweza kusaini fomu ya kufungua geti, hilo alilijua vizuri. Mashine ingemtetea, watu wangembeba juu juu, na huenda yote yangekuwa salama. Huenda. Alilirudia neno hilo kichwani, akawaza watoto waliolala chini kwenye mikeka, pale pale hewa inapotuama kwanza.

"Sisaini," alisema. "Na nitawaambia mwenyewe."

*

Alitoka na magogo yote kumi na mawili yaliyochorongwa pande zote za bonde, yakiwa kwenye toroli, kila moja na namba yake ya rangi nyekundu. Aliona watu wana haki ya kukiona kinachowazuia. Akapanda juu ya jiwe la barabarani, akashika kipaza sauti, akasema ukweli wote bila kuuzungusha: jeupe lipo, povu halipo, geti halifunguki.

Ngoma ilikatika. Jogoo mmoja tu, ambaye hakuelewa, aliendelea kuwika.

"Subilaga," ikasema sauti nzito kutoka mbele. "Hebu mwulize huyo mama kama ninaweza kulishika hilo jiwe."

Bupe alivuta kanga kichwani haraka na kuwapa watu mgongo. Mwenye sauti alikuwa Mzee Mwasanguti, baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Ndiyo heshima yenyewe. Siku hizi wengi wameiacha, wengine hupiga picha wamekumbatiana harusini. Mzee Mwasanguti hakuiacha. Bupe alikuwa na miaka kumi na miwili ya ndoa, na baba mkwe wake alimfahamu kwa sauti ya nyayo tu. Hapo mzee naye alikwishageukia mlimani, wamesimama migongo imetazamana, na katikati yao Subilaga, wifi yake Bupe, mwanamke mwenye mdomo usio na breki.

"Wifi, baba anauliza—"

"Mwambie ashike."

"Baba, amesema—"

"Nimesikia, mimi si kiziwi," alisema mzee. Watu wakaanza kucheka chini chini, na hapo ndipo hofu ilipopungua kidogo.

Mzee huyo alikuwa mchonga mawe. Ujanani alichoma mawe meupe huko Same, akarudi Kisyelo kujenga misingi ya nusu ya nyumba za bonde. Alilichukua gogo la kwanza, akalipima kwenye kiganja, akalirusha kidogo, akalidaka.

"Mwulize: hilo analoliogopa, hilo zeo-nini, ni zito?"

"Ni jepesi," Bupe alimwambia Subilaga, kabla hajafungua kinywa. "Jepesi sana."

"Basi mwambie hili ni zito. Zito kupita kiasi chake. Na mwulize, hiyo dawa yake aliidondosha wapi, ndani ya kibaridi hiki?"

Bupe aliganda. Nyuzi kumi na moja. Maabara ile haikuwa na joto tangu Mei, hata yeye alikuwa akipimia mawe akiwa na glavu. Zito. Gumu kuliko sarafu. Haliitikii asidi baridi. Na basalti ya Rungwe imejaa olivini, zile chembe za kijani zenye magnesi tele, na Jiko lilikuwa limepata moto kuliko ilivyopangwa...

"Magnesaiti!" alipiga kelele. "Jamani, ni magnesaiti! Kalisaiti hutengenezwa na kalisi, na hili limetengenezwa na magnesi! Hewa imo ndani, imo sana, lakini halitoi povu likiwa zima na baridi. Lazima lisagwe. Lazima lipashwe moto!"

"Huko Same," alisema Mzee Mwasanguti akiutazama mlima, "tuliliita jiwe la kiburi. Mwambie huyo mama asome na vumbi, si vitabu tu."

"Wifi, baba anasema—"

"Nimesikia, Subilaga!"

*

Bupe hakufungua geti hata hivyo. Kudhani si kujua, na alitaka kujua kwa magogo yote kumi na mawili, kila moja kutoka shimo lake. Maabara ilikuwa na kinu kimoja cha kusagia, na chenyewe kilikuwa kibovu wiki ya pili. Alipolisema hilo kwenye kipaza sauti, shangazi yake Ipyana alijibu kutoka lori la nne kwamba yeye ana vinu viwili, na mchi wa mkuyu uliotwanga mahindi ya harusi tatu.

Loo! Mngeyaona mambo. Malori yaliamriwa kufungua milango. Vinu vikashuka, majiko yakashuka, makaa yakawashwa chini ya miamvuli. Wanaume waligonga magogo kwa nyundo, wakachokoa kile cheupe kwa ncha za visu, wakawapelekea akina mama, na akina mama wakatwanga wakiimba, jiwe likilia ndani ya vinu vilivyozoea mahindi. Mama mmoja alilalamika kwamba ugali wake utakuwa na mchanga mpaka Pasaka. Ipyana, mhandisi mkuu, alikabidhiwa upepeo wa kupepea makaa na hakuthubutu kuuacha.

Vumbi la gogo la kwanza liliwekwa kwenye kikombe cha kioo, kikombe kikaketishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Bupe alidondosha asidi. Watu walibanana, mabega juu ya mabega.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha chini kabisa ya kikombe likaonekana povu moja dogo. Likapanda, likapasuka. Yakafuata mawili. Halafu kikombe kizima kikaanza kuchemka na kuchachatika, mapovu yanapandana, na kelele zilizopigwa pale zilisikika mpaka Tukuyu, mimi sitii chumvi.

Watu walimpisha Mzee Mwasanguti, na Bupe akageuka upande. Mzee aliinama, mikono magotini, akakitazama kikombe kwa muda mrefu.

"Kumbe ndiwe wewe," aliliambia povu. "Wewe ndiye uliyenitoa kwangu. Miaka tisa nataka nikuone." Akalisogelea zaidi. "Mbona mdogo hivi?"

Subilaga alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Mzee mwenyewe akaanza kucheka, kicheko cha kukohoa, kofia ikamdondoka, na mtu akamwokotea.

Wakaendelea. Gogo la pili, povu. La tatu, povu. Mzee aliomba kazi ya kuyagawa: yeye akae penye toroli, ayapime kwa mkono, ayagonge, ayapeleke vinuni. Nani mwingine alikuwa na mkono huo? Akageuza kreti, akaketi, akatandaza koti lake refu la mvua kila upande, akawa anagawa. Ngoma ilirudi. Kila kikombe kilipochemka, kwaya ilidaka wimbo upya, na Bupe alidondosha asidi huku kiuno chake, bila ruhusa yake, kinafuata mdundo. Alikuwa na furaha ambayo hakuikumbuka tangu aolewe.

"Tumemaliza!" alipaza sauti Ipyana. "Vyote vimechemka! Fungua, Bupe!"

Bupe alivihesabu vikombe vilivyokuwa mbele yake. Akavihesabu tena.

Vilikuwa kumi na kimoja.

*

Akasoma namba zilizoandikwa kwenye vibandiko. Moja mpaka nane zilikuwapo. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili zilikuwapo. Toroli ilikuwa tupu. Akainua macho kidogo, kwa pembeni, mpaka kwenye lile koti la mvua lililotandazwa juu ya kreti, na juu yake mgongo wa baba mkwe wake, umenyooka, hautikisiki.

Kila mtu wa Kisyelo alijua shimo la tisa lilichorongwa wapi. Ni kwenye uwanja wa Mzee Mwasanguti, chini kabisa ya bonde, hatua ishirini kutoka kaburi la mkewe.

Akilisema kwenye kipaza sauti, atakuwa amemwita baba mkwe wake mwizi mbele ya kijiji kizima, siku anayorudi nyumbani. Akinyamaza, mzee atalala pale usiku wa leo. Na kumi na moja kati ya kumi na mbili, jamani, darasani hiyo ni alama ya kupigiwa makofi! Nani angeuliza? Watu wote walikuwa wanacheza. Alitamani sana kucheza nao.

Alizunguka taratibu, akaenda kusimama nyuma ya kreti, mgongo wake umeelekea mgongo wa mzee. Hakumwita Subilaga.

"Baba," alisema, na lilikuwa neno la kwanza kumwambia moja kwa moja katika maisha yake. "Vikombe ni kumi na kimoja."

Mzee alivuta pindo la koti lake karibu na miguu.

"Nilidhani msomi hahesabu kwa vidole," alisema hatimaye.

"Nahesabu kwa vidole, baba."

"Ni jepesi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilipolishika tu nilijua. Nikajidanganya, labda mkono umezeeka. Nikalishika tena. Jepesi." Alivuta pumzi. "Nilimwahidi mama yenu sitakaa mbali."

"Najua, baba."

"Je, nikikaa bila kulala? Nikae kwenye kiti, macho wazi? Mimi ni mrefu, hewa yenyewe hukaa chini."

Bupe alihisi machozi yanamshuka mashavuni, ya moto. Angetoa chochote aweze kusema ndiyo. "Hapana, baba," alisema. "Hata kwenye kiti. Hapana."

Alingoja kutukanwa. Badala yake alisikia kreti likilia, koti likikunjwa, magoti yakialika.

"Subilaga!" alinguruma mzee. "Lete kinu! Kuna jiwe moja limebaki, nililikalia!"

Watu wakaduwaa. Mzee Mwasanguti aliligonga gogo la tisa mwenyewe, akalitwanga mwenyewe, kofia imesogea nyuma, wala hakumpisha mtu. Bupe akadondosha asidi. Kikombe kikakaa kwenye maji ya moto, wakangoja. Hakikuchachatika. Lile vumbi lililegea polepole tu, likawa uji mzito, na uji ukatulia.

"Zeolaiti," alisema Bupe kwa sauti ndogo.

"Mmeona wote," alisema mzee, na safari hii aliwageukia watu, si mlima. "Kwenu ni salama, ni juu, mapovu mmeyaona wenyewe. Ingieni. Kwangu asikanyage mtu, hata mimi. Jiko lipike tena hapo, siku arobaini. Atakayeniona nakata waya wa uzio, anipige, namruhusu." Akanyamaza, akameza. "Haya, mnangoja nini? Kuku wananyeshewa!"

Bupe alichora uzio kwenye ramani kwanza, duara jekundu kuzunguka namba tisa, akaandika yote kwenye fomu. Kisha akaweka kiganja juu ya kioo. Geti likafunguka kwa mlio wa chuma kilichosahau kazi yake, king'ora kikalia, malori yakaanza kuteremka moja moja, kwaya juu ya lori la kwanza, na kwenye la nne shangazi yake Ipyana amesimama wima, ameushikilia mlango wake wa kupora na kuupungia umati. Ipyana alikimbia nyuma yake, upepeo wa makaa bado mkononi.

Malori yalipoisha, walibaki watatu kwenye manyunyu. Mzee Mwasanguti alikuwa amerudi kuutazama mlima, begi lake miguuni, kuku wawili juu ya begi.

"Sasa baba utalala wapi hizo siku arobaini?" aliuliza Subilaga. "Kwangu utabanana na watoto sita. Urudi Mbeya?"

Mzee alijikuna shingo. Alikohoa. Aliwapanga kuku wake vizuri, ingawa walikuwa wamepangika.

"Mwulize mkamwana wangu," alisema, "kama nyumbani kwake kuna pazia."

Subilaga alifunga mdomo wake kwa viganja viwili. Bupe aliivuta kanga, akajifuta uso nayo, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Lipo, baba," alijibu mwenyewe. "Na kama ni fupi, naliongeza leo leo."

"Basi nishikieni hawa kuku," alisema mzee.